Mfuko Mzima au Kopo la Guigoz: Je, Ada ya Kununua kwa Jumla Inalipa?

Bukavu hakuna duka linalokudai kadi mlangoni. Unaingia depo yoyote ya Kadutu au Nyawera na faranga zako, unauliza bei, unanunua au unaondoka, na hakuna anayetaka kujua kama wewe ni mwanachama. Hata hivyo swali la kadi limetufikia kwa simu, maana familia nyingi za hapa zina mtu Marekani au Kanada. Ndugu anaandika: eti nilipe dola 65 kwa mwaka ndipo niruhusiwe kununua katika duka la jumla, huu si wizi? Na hapa nyumbani mama anauliza lile lile kwa njia nyingine: kikundi cha avenyu yetu kinataka niweke kiingilio ili tuwe tunanunua mchele pamoja, nikubali?

Nawajibu wote wawili kwamba ada ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote katika hesabu hii. Kinachoamua ni chungu chako kinakula nini kwa mwezi, pesa ya kununulia imetoka wapi, na mfuko ukishafika nyumbani nani mwingine anachota humo.

Tuanze na huyo wa ng'ambo, kwa sababu duka lake linaonyesha waziwazi jambo ambalo kwetu limejificha. Maduka ya namna hiyo yalianza mwaka 1976 huko San Diego, California, Sol Price alipofungua Price Club, mwanzoni kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo. Mwaka 1983 ikafunguliwa Costco mjini Seattle, na mwaka huo huo Sam Walton wa Walmart akaanzisha Sam's Club. Bidhaa zinauzwa kwa faida ndogo sana, na duka linategemea ada. Katika mwaka wa fedha wa 2024 Costco ilikusanya takriban dola bilioni 4.8 za ada peke yake, wakati faida halisi ya kampuni nzima ilikuwa karibu dola bilioni 7.4. Kwa hiyo mtu anayelipa kila mwaka lakini anafika mara mbili tu anawachangia wenzake wanaojaza gari kila wiki. Bei ya chini ipo kweli, ila ni ya yule anayeitumia.

Kwetu ada hiyo unailipa bila risiti. Unamlipa mbeba mizigo anayekutolea mfuko kutoka ndani ya soko la Kadutu hadi barabarani, unamlipa motari anayeupandisha kilima, na unailipa tena kwa pesa inayolala ndani ya mchele wakati mtoto anadaiwa karo. Chukua karatasi tuandike. Namba hizi ni za mfano tu. Bei za hapa hazikai mahali pamoja, basi weka za kwako. Tuseme mfuko wa mchele wa kilo 25 ni faranga 60,000 kwenye depo, na kilo moja kwa mama anayeuza rejareja karibu na kwako ni 2,800. Kilo 25 kwa rejareja ni 70,000. Umeokoa 10,000. Mbeba mizigo achukue 2,000 na motari 3,000. Imebaki 5,000.

Faranga 5,000 si haba kwa mchele wa mwezi mmoja. Lakini ni nyepesi, na kuna mambo mawili yanayoimeza bila mtu kusikia.

La kwanza ni mkono wa mpishi. Mtu anayenunua kilo moja kila siku ya pili anapika kwa kipimo, kwa sababu karatasi ya plastiki inamwonyesha mwisho wake. Mfuko ukiwa umesimama kwenye kona ya jikoni, kikombe cha kupimia kinapanda kidogo juu ya mdomo, na ukoko unaobaki chini ya sufuria unaongezeka. Ikiwa nyumba inakula sehemu moja ya kumi zaidi kwa sababu tu mfuko upo, hizo ni kilo mbili na nusu, yaani faranga 6,000 kwa bei ya depo. Umeokoa 5,000 ukala 6,000. Kama watoto walikuwa wanalala bila kushiba, basi hiyo 6,000 imefanya kazi nzuri na sina neno. Kama walikuwa wanashiba, umelipa pesa ya kutupa ukoko.

Na hapo sijahesabu jirani. Mfuko mzima unapopanda ngazi za Kadutu au unaposhushwa Panzi, avenyu nzima inauona. Jioni anakuja mtoto na sahani: mama amesema umwazime vikombe viwili. Utampa, na ni vizuri umpe. Hivyo ndivyo mji huu umeishi miaka yote hii, hasa nyumba zinazowapokea ndugu waliokimbia vita. Ila usiandike ukarimu katika safu ya akiba. Ni matumizi, uyapange kama matumizi.

La pili ni deni. Hapa nitakuwa mkali. Watu wengi wanakopa kwenye AVEC yao, kile kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, ili wanunue mfuko, wakiamini wanafanya akili. Vikundi vingi hutoza riba ya asilimia 5 hadi 10 kwa mwezi. Ukikopa 60,000 kwa asilimia 10 unarudisha 66,000 mwisho wa mwezi: riba 6,000, akiba 5,000. Umenunua kwa jumla ukapata hasara kuliko anayenunua kwa kopo. Kwa asilimia 5 unabaki na 2,000, ambayo haitoshi hata usumbufu wa kwenda Kadutu. Mkopo wa AVEC ni wa biashara inayozunguka, na mchele ukishaliwa hauzunguki.

Kwa hiyo usimcheke mama anayenunua kwa kopo kila jioni. Anapata pesa kila jioni. Mume ni mwashi anayelipwa kwa siku, au yeye mwenyewe anauza ndizi pale Feu Rouge, na akiba ya faranga 60,000 haijawahi kukaa nyumbani kwake kwa pamoja. Analipa ghali zaidi kwa kilo, sawa. Lakini ile tofauti ndiyo anayomlipa mwenye kibanda kwa kumtunzia mchele, kumpimia kidogo kidogo na wakati mwingine kumkopesha hadi Jumamosi.

Twende sokoni sasa. Kadutu pesa inaokolewa au kupotea mbele ya macho yako.

Kipimo cha rejareja hapa ni kopo la maziwa ya unga, Guigoz, ambalo jina lake limekuwa la kipimo chenyewe. Liangalie kabla halijajazwa. Ligeuze. Kitako cha kopo la kweli ni bapa. Cha kopo la ujanja kimegongwa kutoka chini hadi kimeingia ndani kama kisahani, na kila kopo unalobeba lina upungufu wa kiganja. Tazama pia mkono wa muuzaji: anayemwaga taratibu bila kutikisa anauza hewa, na maharagwe yanaachia hewa nyingi kuliko mchele. Mwombe aligonge kopo mara moja mezani kisha ajaze tena. Mama mwaminifu atafanya hivyo bila kununa, na akiona unajua atakuongezea kiganja juu.

Anayenunua mfuko mzima naye asijione amepona. Soma mshono. Mfuko uliotoka kiwandani umeshonwa kwa mashine, uzi mmoja ulionyooka, matundu yanafuatana kwa umbali ule ule. Ukiona matundu ya zamani yasiyo na uzi kando ya mshono mpya, au uzi wa rangi mbili, au mshono uliokwenda kombo kwenye pembe, mfuko huo ulifunguliwa. Inawezekana ilitolewa kilo moja au mbili, inawezekana mchele mzuri ulichanganywa na uliovunjika. Kwa makala, yaani makaa ya kupikia, ni vibaya zaidi, kwa sababu juu wanapanga vipande vikubwa vinavyong'aa na chini wanajaza vumbi na vijiti ambavyo havijaiva. Ingiza mkono ubavuni, usiridhike na mdomo wa mfuko. Wakati wa mvua uinue: makala yaliyolowa ni mazito na yatakutoa machozi kwa moshi.

Kama kuna ada moja ambayo ningemwambia kila mtu ailipe, ni bei ya mizani ndogo ya kuning'iniza, ile yenye ndoano. Familia tano zikichanga, kila moja inatoa kidogo, na wenye depo huwa wapole wakiona mizani inatoka mfukoni.

Si kila kitu kinafaa kununuliwa kwa wingi. Katika vinavyofaa, makala ndiyo ya kwanza kabisa, kwa maana tofauti kati ya mfuko na vile vifungu vidogo vya jioni ni kubwa kuliko ya chakula chochote, na makala hayaliwi na wadudu wala hayaazimwi kwa sahani. Yanunue kiangazi, kati ya Juni na Agosti, kabla mvua za Septemba hazijaharibu njia. Sabuni ya kipande nayo: sabuni iliyokauka juu ya kabati miezi miwili haiyeyuki haraka kama ile mpya, kwa hiyo kuiweka ni faida juu ya faida. Chumvi, viberiti, mchele mkavu, hizo hazina tatizo.

Maharagwe yanataka akili zaidi. Bei yake inafuata mavuno ya Kabare, Walungu, Kalehe na Idjwi. Yaliyopandwa Septemba huvunwa kuelekea Desemba na Januari. Ya msimu wa pili, yaliyopandwa Februari au Machi, hutoka karibu na Juni. Mitumbwi na maboti yakianza kushusha mifuko mingi, hapo ndipo pa kununua ya miezi mitatu. Anayejaza nyumba mwezi Novemba, wakati watu wametoa mbegu na ghala za vijijini zimekauka, amelipia bei ya juu kwa jina la kununua kwa jumla. Mahindi na maharagwe yana adui wake, fukusi, ambaye mara nyingi ameshaingia shambani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, wakiongozwa na Larry Murdock, walitengeneza mfuko wa tabaka tatu, mbili za plastiki ndani na moja ya kusokotwa nje, baada ya kazi yao ya kunde huko Kaskazini mwa Kamerun. Kazi yake ni kuzuia hewa: wadudu wanamaliza oksijeni wanakufa. Ukiukosa, jerikani la njano la lita 20 lililokauka kabisa linafanya kazi ile ile, mradi ujaze maharagwe hadi mdomoni, ukaze kifuniko, na usifungue kila siku. Ukitaka kula, toa ya wiki mbili uweke pembeni.

Unga wa muhogo usinunue zaidi ya mwezi. Unyevu wa mvua zetu unauingia, unapata harufu, na fufu ya namna hiyo hata mgeni anaikataa. Katoni ya samaki wa barafu ni kamari: mji unakaa jirani na mabwawa ya Ruzizi, na bado umeme unakatika bila kuaga. Samaki aina ya sambaza waliokaushwa wanavuta unyevu vile vile. Nunua wa siku chache. Mafuta ya mawese ya bido la lita 20 yanafaa kwa nyumba kubwa au kwa kugawana, lakini yanaganda kwa baridi ya hapa, kizito kinakaa chini na chepesi juu. Mwambie muuzaji akoroge kabla ya kumimina, na usinunue bido ambalo hukuona likijazwa.

Sasa kile kikundi cha avenyu. Wazo la watu wa kawaida kuweka kiingilio ili wapate bidhaa safi kwa bei nzuri ni la zamani kuliko kadi yoyote ya Marekani. Mwaka 1844, katika mji wa viwanda wa Rochdale huko Uingereza, watu 28 waliweka pauni moja moja, wakafungua kiduka cha unga, siagi, sukari na oti, kwa sababu wauzaji wa pale walikuwa wakichanganya unga na vitu visivyolika. Likelemba, ule mchango wa kupokezana kwa zamu, tunaijua tangu kwa bibi zetu, na AVEC nayo ni mfumo ambao shirika la CARE lilianza nao Niger mwaka 1991, wenye sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti. Ufundi tunao tayari. Kinachokosekana mara nyingi ni kuutumia kwa ajili ya chungu badala ya pesa tupu.

Rudi kwenye karatasi yetu. Familia sita zinataka mfuko mmoja mmoja. Kila moja ikienda peke yake, usafiri ni 5,000 mara sita, yaani 30,000. Zikienda pamoja zikakodi gari dogo kwa 12,000, kila familia inalipa 2,000. Mwenye depo akipunguza hata 1,000 kwa kila mfuko kwa sababu mmechukua sita, akiba ya kila nyumba inapanda kutoka 5,000 hadi 9,000. Toa 1,000 ya mchango wa kikundi, bado ni 8,000. Na mjane anayeishi na watoto wawili, ambaye mfuko wa kilo 25 ungemchukua miezi miwili, anaweza kugawana na mwingine na bado akapata bei ya depo. Kwa hiyo kwa mtu wa Bukavu mwenye kipato kidogo lakini cha uhakika, ada ya kikundi cha namna hii inalipa kuliko kununua mfuko peke yake.

Lakini kabla hujatoa kiingilio, uliza maswali machache bila haya. Kiingilio kinarudi mtu akitoka? Kama hakirudi, kiwe kidogo kiasi kwamba ukikipoteza hutalia. Pesa inatolewa kabla ya kununua, au kuna wanaobeba kwanza na kulipa baadaye? Kikundi kinachokopesha wanachama chakula kitakufa ndani ya miezi michache, na kitakufa na urafiki wenu. Nani anakwenda sokoni? Wawe wawili, na wabadilishane kila mwezi. Kugawa kunafanyika wapi? Uwanjani, mbele ya wote, kwa mizani, si ndani ya nyumba ya rais wa kikundi. Nisingezidi familia nane. Wakiwa ishirini, nusu ya siku inapotea kwa mikutano, na mtu ataanza kudai posho ya simu.

Likizuka jambo la ng'ombe wa Noeli, wa kugawana nyama, kaa macho zaidi. Michango inaanza mapema, ng'ombe anapanda bei Desemba, na siku ya kuchinja kila mtu anataka paja. Kubalianeni kwa maandishi kwamba nyama itagawanywa kwa mafungu yaliyochanganywa na kupigiwa kura, la sivyo mtasherehekea mkiwa hamsalimiani.

Kuna hoja moja ya kuweka chakula nyumbani ambayo karatasi ya hesabu haiioni. Mji ulipochukuliwa na waasi wa M23 katikati ya Februari 2025, benki zilifungwa, na mwenye akiba kwenye akaunti alibaki anaitazama kwenye simu. Wenye mfuko jikoni walikula. Tangu hapo watu wengi wanaona afadhali mchele kuliko noti, hasa noti ya dola ambayo ikiwa na kachaniko kadogo tu muuzaji anairudisha. Nawaelewa. Lakini siku zile zile maghala yaliporwa, na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilisema limepoteza takriban tani 7,000 za msaada hapa Bukavu. Waliokuwapo mwaka 2004 wanakumbuka uporaji mwingine. Kwa hiyo akiba ya wiki nne hadi sita, imegawanywa sehemu mbili ndani ya parsele, inatosha. Anayejaza chumba kizima anajitangaza, na siku ya kukimbia mifuko kumi haipandi kichwani.

Amebaki ndugu wa Marekani. Mwambie hivi. Kadi ya kawaida ya Costco ni dola 65 kwa mwaka tangu Septemba 2024. Ikiwa bidhaa anazonunua kweli zinamwokolea asilimia 10, lazima anunue za dola 650 kwa mwaka ili ada irudi, yaani dola 54 hivi kwa mwezi. Nyumba ya watoto watano inavuka hapo bila jasho, lakini kijana anayeishi peke yake na kula kazini hafiki. Kadi kubwa ni dola 130, inarudisha asilimia 2 ya manunuzi. Ile dola 65 ya ziada inarudi tu akinunua za dola 3,250 kwa mwaka, karibu dola 271 kila mwezi. Kadi moja inaruhusu mtu wa pili anayeishi nyumba ile ile, kwa hiyo mume na mke wasilipe mara mbili. Asiazime kadi ya rafiki wa kanisani. Siku hizi wanaisoma kwa mashine mlangoni. Na asipoona faida, aende kaunta aombe kurudishiwa ada, kwani Costco huirudisha yote mwanachama asiporidhika.

Kisha mwambie na jambo la upande wetu. Kama huwa anatuma dola 30 kila mwezi, kila mara analipa gharama ya kutuma, na huku mtoaji wa pesa anakata yake. Atume 90 mara moja kila miezi mitatu, ya kwanza ifike mwanzoni mwa Januari na ya tatu mwishoni mwa Juni, maharagwe yanaposhuka bei. Na aitaje kwa jina kazi yake: hii ni ya mifuko miwili na makala. Pesa iliyofika bila jina Bukavu hupata wenyewe kabla jua halijazama.